Mawe ya Marsi na Ufagio wa Mama

Siku ile nilipopanda ngazi kurudisha ufunguo wa ofisi, ile biro yetu, ninyi wasichana wapya, mnaoniita yaya kama dada mkubwa, mliniuliza: "Yaya, kazi nzuri vile, kiti cha kuzunguka, baridi ya mashini, unaacha ju ya nini?" Nilikasirika, nikashuka bila kujibu. Kwa kutojibu mnisamehe. Kwa hasira siombi msamaha, bado niko nayo. Lakini swali lenu lilikuwa la haki, na Mama Mbuyu aliyenifundisha kazi alisema mtu akiondoka aache kiti chenye joto na maneno machache. Kiti kimeshapoa. Maneno ni haya.

Najua mtacheka nikisema niko retrete. Retrete ni ya wazee wa kampuni, wenye mvi na saa ya ukutani waliyopewa siku ya kuagwa. Mimi miaka thelathini sijaifikia, na siku ya kutoka nilibeba mtoto mgongoni na ule mto wa kiti mliodhani ni wa biro. Ulikuwa wangu. Lakini kazi imekwisha, sirudi, na mtu akiniuliza ninafanya nini, nasema nilifanya. Hiyo njo retrete, ndiyo hiyo.

Nilikuwa nimepata diploma ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, na kabla sijapata kazi nikapata mimba. Baba wa mtoto ni dereva wa lori la mizigo mpakani, anakuja, anakwenda, na sina zaidi la kusema juu yake. Gracia alipoanza kukaa mwenyewe, binamu yangu akaniambia kuna biro moja mtaa wa Manika, juu ya famasi, wanatafuta watu wa kuangalia mawe. Hapa Kolwezi ukisikia mawe unajua ni shaba au kobalti. Nikaazima mabuti ya kaka yangu, nikafika nayo.

Shefu alikuwa Enjenieri Kasongo, huyu huyu mnayemjua. Aliyatazama mabuti muda mrefu.

"Mama," akasema, "kule hatutafika na miguu."

Akanionyesha kiti, akafungua picha kwenye mashini. Nikaona kitu cha kijivu, kimejaa vilima vidogo kama upele. Akasema ni mwezi. Nikadhani ananichezea. Akaeleza polepole, kama anavyoeleza kila kitu, kwamba wako wataalamu wa chuo fulani ng'ambo wanaotaka kujua mawe yanashukaje kwenye miteremko ya mwezi, ya Marsi, ile sayari nyekundu, na kwingineko. Picha ni nyingi kuliko macho yao. Wanataka mashini ijifunze kuona yenyewe, lakini mashini ni kama mtoto, lazima mtu aionyeshe kidole: hili ni jiwe, hii ni njia liliyopita, hapa lilianza, hapa lilisimama. Kidole hicho tutakuwa sisi. Nilisema nimeelewa. Sikuelewa. Na niwaambie mapema, mpaka leo kuna sehemu sijaelewa.

Siku nzima ya kwanza nilichora mistari. Jioni Mama Mbuyu akaja kusimama nyuma yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zamani, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na hakujua kusema kwa sauti ya chini.

"Kwako mabwe inapanda," akasema. "Iko na haraka ya kwenda wapi?"

Biro yote ikacheka. Mabwe ndivyo wakubwa wa kwetu wanavyoita mawe. Mama Mbuyu akavuta kiti.

"Tafuta jua kwanza. Kila picha iko na mushale, inakuonyesha jua ilikuwa upande gani. Ukishajua jua, kivuli itakuambia shimo ni lipi na kilima ni kipi."

Akaigeuza picha juu chini. Vilima vyote vikawa mashimo, mbele ya macho yangu, bila kitu chochote kubadilika. Nilishika meza. Siku nzima nilikuwa nimeyapandisha mawe ya watu mlimani. Basi na ninyi, kabla ya kugusa panya ya mashini, tafuteni jua. Msiniambie mnajua kwa macho. Macho yanaona yanachotaka.

Alinifundisha pia kusoma njia. Jiwe lililoviringika linaacha mfereji mwembamba, kama tairi ya baiskeli kwenye vumbi. Jiwe lililoruka linaacha mashimo yaliyofuatana, kama mshono wa cherehani mbovu. Lililoteleza linaacha ukanda mpana, laini. Huko uzito ni mdogo kuliko hapa, kwa hiyo jiwe likiruka linaruka mbali, na mshono wake una nafasi kubwa kati ya tundu na tundu. Mwezini njia inakaa muda mrefu sana, maana hakuna upepo wa kuifuta. Marsi kuna upepo na vumbi. Pale njia inafifia.

Vyombo vyetu mnavijua. Ile karatasi ngumu iliyovikwa kitenge, panya inateleza vizuri juu yake, ni kazi ya Mama Mbuyu, msiitupe. Kila anapopita chini muuza mikate akiita, inua macho, tazama mbali kupitia dirisha. Hiyo ilikuwa sheria yake, na miwani nimeiepuka kwa sababu ya muuza mikate. Umeme ukikatika msikimbilie kulaumu jenereta. Kuleni, mcheke, mrudi.

Kilichonisumbua tangu mwanzo si kuchora. Ni swali moja, na nililipeleka kwa shefu.

"Shefu, kule Marsi mvua iko?"

"Hakuna."

"Mbuzi?"

"Hakuna."

"Bacreuseurs, hawa vijana wa kuchimba?"

"Bado," akasema.

"Basi nani anasukuma?"

Akaweka kalamu chini. Akasema pengine ardhi inatetemeka. Pengine jiwe kutoka angani linapiga kando na kutikisa mteremko. Pengine ni jua: mchana jiwe linapata moto, usiku linapata baridi kali, linafanya ufa kidogo kidogo mpaka siku moja linaachia. Nikaonyesha jiwe moja kwenye picha, kubwa, na mfereji wake nyuma.

"Na hili, ni ipi kati ya hizo?"

"Sijui."

"Na lile linalosimama pale juu, litashuka lini?"

"Sijui, mama. Sisi tunajua kisha."

"Kisha nini?"

"Kisha kushuka."

Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na hasira kama mtu aliyeibiwa, na sikujua nimeibiwa nini. Watu wenye vyombo vinavyofika Marsi, na wanajua kisha.

Sasa niwaeleze nyumba yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliijenga chini ya remblai, kile kilima cha mawe na udongo ambao mine ya zamani ya shaba ilitoa shimoni ikautupa kwa kuwa hauna faida. Mine hiyo haipo tena. Kilima kipo. Mama yangu, avenue yote inamwita Mama Ngoie, anatwanga mawe kuwa kokoto za kujengea. Jiwe likiwa gumu analiwekea tairi kuukuu, anawasha, linapata moto mpaka linalia, kisha anamwaga maji ya baridi. Linapasuka. Halafu anakaa chini ya kivuli cha gunia, anazungushia kipande cha jiwe pete ya mpira ili vigae visiruke machoni, anatwanga kwa nyundo. Amenilea kwa nyundo hiyo.

"Banakulipa ju ya kuangalia mabwe?" aliniuliza nilipoanza.

"Ya Marsi, mama."

"Ya hapa ilikwisha?"

Nikamweleza habari ya jua na baridi na ufa. Alisikiliza, nyundo mkononi.

"Banaweka tairi?"

"Hapana. Jua tu."

"Basi itakamata wakati."

Nilimpelekea shefu maneno hayo. Akasema yeye na mama yangu wako kwenye njia moja, ila mama hana subira ya miaka milioni.

Juu ya nyumba yetu, katikati ya mteremko, limekaa jiwe kubwa kama minibasi. Avenue yote inaliita Mukubwa. Tangu utoto wangu, mtu akiamka anatazama juu kwanza. Mukubwa akiwa mahali pake, siku ni salama. Mvua ikinyesha sana, wanaume wanasimama uwanjani wanamtazama. "Mukubwa akilala, na siye tulale." Ndivyo walivyosema wakubwa, na mimi niliyekuwa nalipwa kutazama mawe nilikuwa nikimtazama Mukubwa vile vile kama wao, kila asubuhi kabla ya kupanda moto, pikipiki ya kwenda kazini. Gracia nilimwacha na mama. Alicheza uwanjani, mchana alilala chumba cha nyuma, upande wa kilima, kwa sababu ndicho chenye ubaridi.

Kesi iliyonitesa kuliko zote kazini ilikuwa ukingo wa shimo moja la Marsi. Tulikuwa na picha za mteremko ule za nyakati mbalimbali. Kwenye picha moja njia zilijaa kama mikwaruzo ya paka. Kwenye picha ya baadaye, mteremko ule ule, hakuna kitu. Laini kama ukuta uliopakwa rangi. Nikaandika: kilima kimetulia. Mama Mbuyu akakifuta nilichoandika.

"Mabwe chini iko?"

"Iko."

"Ilitoka wapi?"

"Juu."

"Basi kilima haijatulia. Upepo ya kule njo ufagio. Imefagia."

Nilielewa. Kwa Marsi nilielewa. Muda mfupi baadaye Mama Mbuyu akahamia Likasi kwa mwanawe, nami nikakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nikawa mimi ninayesimama nyuma ya wapya kuwaambia mabwe yao yanapanda. Miaka ikapita hivyo, Gracia akaanza kusema, akaanza kujibu.

Kiangazi kilichopita, usiku mmoja wa baridi zile za kwetu za mwezi wa saba, tulikuwa tunakula bukari. Mama akashukuru kabla ya chakula, na katikati ya sala akasema: "Na asante, Baba, kwa vile siku hizi sitembei mbali. Mabwe imekuya karibu. Umeona miguu yangu imechoka." Nikasema amina. Gracia akasema amina. Tukala.

Siku chache baada ya hapo nilirudi nikakuta bati la ukuta wa jikoni limebonyea. Mama akasema ni jiwe, watoto wametupa. Watoto gani, hakujua. Jiwe lenyewe Gracia alikuwa amelifanya chungu, analipikia majani. Nilikwenda kumtazama Mukubwa. Amelala. Lakini sikulala mimi.

Kesho yake nikamwomba shefu kitu ambacho sikuwahi kumwomba. Nikamwambia: acha Marsi leo, tazama kwetu. Hakuniuliza maswali. Kuna picha za dunia yetu pia zinazopigwa kutoka juu, si nzuri kama zile za mwezi, jambo ambalo lilinikasirisha peke yake, lakini zipo. Akazipanga za kiangazi kile, za kilichotangulia, na za nyuma yake. Nikaona bati letu, doa jeupe. Nikamwona Mukubwa na kivuli chake. Shefu alitazama mchana wote, chai yake ikapoa.

"Mukubwa hajatembea," akasema mwishoni. "Na chini kwenu sioni njia hata moja. Sioni mabwe yaliyosimama. Uwanja wenu ni safi kila picha. Safi sana."

Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikalala kama jiwe la Marsi kabla ya kusukumwa na huyo asiyejulikana.

Kilichoniamsha ni ufagio.

Mama anafagia alfajiri, kila siku, tangu nizaliwe. Ni sauti ambayo huisikii tena, kama moyo wako. Asubuhi ile niliisikia. Nikatoka mlangoni. Mama ameinama, anafagia, anasimama, anaokota jiwe, analiweka kwenye rundo lake la kutwanga. Anafagia tena. Anaokota jingine.

"Mama, hilo jiwe umelitoa wapi?"

"Hapa."

"Jana lilikuwa hapa?"

"Jana nilifagia."

"Basi limetoka wapi?"

Akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Weye njo uko na kazi ya mabwe, unaniuliza mi?"

Nikalitazama lile rundo. Zamani alikwenda kuchukua mawe mpaka pembeni ya kilima, na beseni kichwani. Nikamuuliza ni lini alikwenda mara ya mwisho. Akafikiri. Hakukumbuka. Akasema Mungu anamletea. Nikatazama nyumba za jirani: kila uwanja umefagiwa, kila nyumba ina rundo lake, na kila mtu amesimama na mswaki mdomoni anamtazama Mukubwa.

Sitawadanganya kwamba nilipiga kelele. Nilikaa chini kwenye kizingiti. Sikujua kama nimegundua kitu au nimechoka.

"Mama, usifagie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumapili."

"Uwanja ya mutu muzima ikae chafu? Bantu batasema nini?"

Alikuwa na haki. Kwetu uwanja usiofagiwa una maana moja tu: kuna msiba. Matanga yakiisha ndipo unafagia. Lakini nilisimama mbele yake, nikamwambia sitakwenda kazini, nitakaa hapa kulinda vumbi kama askari, na ufagio nikauingiza chini ya kitanda changu. Gracia nilimpeleka kwa dada yangu mkubwa, upande mwingine wa Manika. Mama nikamwomba alale chumba cha mbele. Alikubali kwa hasira. Kwa mama yangu kukubali na hasira ni kitu kimoja, na mimi nimerithi.

Siku ya pili Mama Chantal wa ng'ambo ya barabara aliingia na beseni la unga, kitambaa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi. Alianza kulia langoni.

"Nani ametuacha, Mama Ngoie?"

"Ufagio," mama akasema. "Ufagio njo imekufa. Uliza huyu."

Wakaja wengine. Akaja shemasi wa parokia, amevaa shati jeusi, na mama akalazimika kumweleza kwamba binti yake anasoma uwanja.

"Anasoma nini?"

"Mabwe."

Shemasi akanitazama kwa huruma. Nikasikia akimwambia mtu njiani: "Diploma imemupanda." Nilimwachia. Nilikuwa na kazi ya kumfukuza kila mgeni asikanyage upande wa nyuma.

Jumapili mama alirudi misa, kitenge chake kizuri bado kiunoni, nikamshika mkono kama mtoto nikampeleka nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa bado chini. Nilichagua saa hiyo. Jua la chini linatoa vivuli, na kivuli ndicho kinachosoma.

Vumbi lilikuwa limeandikwa lote. Mifereji myembamba, kama mtu amepitisha kidole kwenye unga. Mishono, tundu, tundu, tundu, inapita kwenye majani ya muhogo, inapita mahali Gracia anapopikia. Niliichora mifereji hiyo miaka mingi, ya nchi ambayo hakuna mtu atakayeikanyaga na mabuti ya kaka yangu, na sasa ilikuwa inashuka kwenye uwanja wa baba yangu, na kila mmoja ulikuwa na jiwe lake mwishoni, limekaa kimya. Mengi yalikuwa madogo. Moja lilikuwa kama sufuria. Lilikuwa limeruka mara ya mwisho karibu na bomba la maji, likaviringika, likasimama chini ya dirisha la chumba cha nyuma, limegusa ukuta kama mtu anayepiga hodi.

Mama alilifuata lile kwa macho, kutoka ukutani kurudi juu, tundu kwa tundu, mpaka macho yakapotea kwenye kilima.

"Mukubwa amelala," akasema.

"Amelala."

"Basi hii inatoka wapi?"

"Juu. Popote. Si yeye."

"Nani anasukuma?"

Ni swali langu lenyewe.  Juu ya remblai siku hizi malori yanapita, na kilima kinatetemeka. Wapo vijana wanaochimba tena ule udongo wa zamani, wanatupa pembeni. Usiku ni baridi, mchana ni moto. Zote zinawezekana na hakuna hata moja niliyoweza kumwapia.

"Sijui, mama."

"Miaka hii yote unaenda biro."

"Ndiyo."

"Na haujui."

"Sijui."

Alikaa juu ya rundo lake la mawe, na kitenge cha misa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikamwambia tuondoke. Kaka yangu yuko Fungurume, ana chumba na varanda karibu na soko. Tulishazungumza habari hiyo mara nyingi, na kila mara alinijibu kwa jina la baba yangu. Safari hii hakumtaja.

"Nitaenda," akasema. "Lakini mi naacha mabwe yangu hapa. Na weye uache yako."

"Mama, yangu iko Marsi. Haiangukii mutu."

"Njo ju ya ile. Miaka yote unaangalia ile haiwezi kuua mutu. Mutoto yako alikuwa analala hapa." Akagonga ukuta kwa kiganja. "Na kule Fungurume sina nyundo. Nitauza nini peke yangu, na mutoto mugongoni, na hii miguu? Tunaenda bawili, ao sitoki."

Nilimchukia wakati ule, niandike tu. Alikuwa ananinyang'anya kitu pekee nilichokijua vizuri, na nilitaka kumwambia kwamba bila biro, bila Mama Mbuyu, angekuwa bado anafagia. Alijua. Alisema hata hivyo. Na mimi nilijua hatanyanyuka pale bila jibu, kwa sababu ningefanya vile vile.

"Sawa," nikasema.

Alinyoosha mkono. Nikaenda kuleta ufagio. Alifagia uwanja wote kwa mara ya mwisho, polepole, akayaacha mawe palepale yaliposimama, anayazunguka.

Shefu nilipomwambia alisema, "Unaenda wakati tunaanza Merkuri." Nikamjibu Merkuri ina wakati. Lakini alikuja. Alichuchumaa kwenye uwanja wa jirani yetu aliyekubali kuacha kufagia, akapiga picha. Kisha tukazipeleka hizo picha mimi na yeye kwenye biro za wakubwa. Biro hii ilisema kilima ni cha ile. Ile ikasema ni cha kampuni ya zamani. Kampuni ya zamani haina mlango wa kubisha. Mtu mmoja mwenye tai alituuliza kama lile jiwe kubwa limetembea. Tukasema hapana. Akasema basi. Marsi ina wenyewe kuliko kilima chetu. Nimeandika kwa utulivu hapa, lakini mnisome na hasira.

Katika avenue, wengine waliacha kufagia, wakaona, wakahama. Wengine waliona, wakafagia. Mama Chantal alisema hawezi kupokea wageni kwenye msiba usio na maiti.

Sasa tunauza mikate ya mafuta Fungurume, mama anakanda, mimi nakaanga, na Gracia anawaambia wateja kwamba mama yake alifanya kazi mwezini. Usiku bado naona mishono nikifumba macho. Mpaka leo sijui ni nani anayesukuma.

Ile siku ya ufunguo, kabla ya kuja kwenu, nilimwambia mtu wa moto apitie nyumbani kwetu kwa zamani. Mabati yetu tulikuwa tumeyang'oa. Nikakuta mabati mapya, na mwanamke kijana mlangoni, mimba yake kubwa. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Anaitwa Rachel, wametoka Kasai na mume wake.

"Mama Rachel, hapa mabwe inaanguka."

Akainua macho kwa Mukubwa. "Ile? Bantu banasema haitembei hata."

"Si ile."

"Basi ni ipi?"

Nilitazama kilima. Nilitazama chote. Sikuweza kumwonyesha hata moja.

Nikamwomba asifagie mpaka Jumapili, atazame mwenyewe jua likiwa chini. Akacheka kwa adabu, akashika tumbo lake.

"Yaya, na hii hali yangu? Batasema mi ni muvivu." Kisha akaonyesha rundo dogo kando ya mlango. "Na hapa ni pazuri kwenyewe. Mabwe iko karibu."

Uwanja ulikuwa safi kabisa. Nilitoka pale, nikapanda ngazi zenu na ufunguo mkononi, na ninyi mkaniuliza kwa nini naacha kiti kizuri vile.

Mmoja wenu anakaa upande ule, najua. Apite kwa Rachel. Amwambie amechoka, ni mjamzito, apumzike kufagia, aseme chochote. Mimi hakunisikia. Na akikubali, Jumapili aende naye nyuma ya nyumba mapema, kabla jua halijapanda.